Roketi Kwenye Bredibodi: Kuchunguza Kuyumba kwa Kompyuta ya Analogi

Ukimaliza kazi hii utakuwa na bredibodi moja (ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu), chipu moja ya miguu 14, betri mbili za volti 9 na mita ya mshale. Mshale ndio pua ya roketi. Utabonyeza swichi, upepo wa pembeni utaipiga, nawe utaona pua inavyosogea, inavyorudi, au inavyokataa kurudi. Hakuna programu ya kuandika. Ukitaka roketi nyingine unazungusha voliumu, na jibu linabadilika roketi ikiwa bado angani.

Ufundi huu una umri mrefu kuliko kompyuta tunazozijua. Ulianzia Ujerumani, Peenemünde, ambako mhandisi Helmut Hoelzer alitengeneza kompyuta ya analogi ya elektroniki, yaani inayopiga hesabu kwa volti badala ya tarakimu, mwanzoni mwa miaka ya 1940 ili kuchunguza uongozaji wa kombora la A4, lile ambalo dunia ililijua kama V-2. Kombora lenyewe, urefu wa mita 14 na uzito wa zaidi ya tani 12, liliruka vizuri kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1942. Lilikuwa silaha ya kupiga miji, na wafungwa walikufa kwa maelfu kwenye kambi ya Mittelbau-Dora ambako lilitengenezwa. Nayasema haya mapema kwa sababu vitabu vingi vya elektroniki huyaruka. Baada ya vita Hoelzer alipelekwa Marekani, na kwa miaka mingi baadaye roketi za huko zilipimwa kwa mashine za aina hiyo, kubwa kama kabati kadhaa zilizopangwa sambamba, zikifanya kazi kati ya volti −100 na +100. Yetu itatosha kwenye sahani.

Hatua ya 1: Igandishe safari

Safari nzima ya roketi ni ngumu. Mafuta yanaungua, uzito unapungua, hewa inazidi kuwa nyepesi, mwendo unaongezeka. Hatuchunguzi hayo. Tunachukulia kwamba njia iliyokusudiwa imeshapigiwa hesabu, kisha tunauliza swali dogo: ikisukumwa kidogo nje ya njia hiyo, itarudi?

Kwa hiyo chagua sekunde moja ya safari na uigandishe. Mahali pazuri ni pale shinikizo la hewa kwenye mwili wa roketi linapokuwa kubwa kuliko wakati wote, maana hapo ndipo upepo una nguvu kweli ya kuigeuza. Kwa sekunde chache kabla na baada ya hapo, chukulia kwamba uzito, mwendo na hewa havibadiliki. Ni uongo, lakini ni uongo mdogo, kwa sababu kuyumba kunaanza na kumalizika kabla tarakimu hizo hazijasogea sana.

Uongo wa pili ni kwamba pembe ni ndogo. Nguvu za kugeuza hufuata saini ya pembe (sine, ile ya trigonometria), na saini haipendi kuwekwa kwenye saketi. Lakini hadi nyuzi 5, saini na pembe yenyewe vinatofautiana kwa chini ya asilimia 0.2. Tunaitupa saini, tunabaki na kuzidisha na kujumlisha tu. Rizista zinajua kazi hizo mbili.

Hatua ya 2: Andika kinachoigeuza roketi

Vitu viwili vinaigeuza. Cha kwanza ni hewa. Roketi ndefu isiyo na mapezi makubwa husukumwa na hewa mbele ya kitovu cha uzito wake, kwa hiyo pua ikishainama kidogo, hewa huiinamisha zaidi. Cha pili ni usukani. V-2 ilikuwa na makasia ya grafiti ndani ya moto wa injini. Roketi za Scout, zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nazo zilikuwa na makasia ndani ya moto wa hatua ya kwanza. Mojawapo ndiyo iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Roketi nyingine hugeuza injini nzima. Kwetu ni mamoja, usukani ni usukani.

Roketi yetu ya mfano iwe hivi, pembe zote zikiwa katika nyuzi:

mabadiliko ya kasi ya pua = 0.5 × (pembe + upepo) − 2 × usukani

usukani = A × pembe + B × kasi ya pua

"Pembe" ni umbali wa pua kutoka njia iliyokusudiwa. "Kasi ya pua" ni nyuzi ngapi kwa sekunde pua inageuka. "Upepo" ni pembe ambayo upepo wa pembeni unaongeza: roketi ikienda mita 300 kwa sekunde na upepo ukipiga kwa mita 10 kwa sekunde, pembe hiyo ni nyuzi 1.9. Tarakimu 0.5 na 2 nimezichagua mimi ili saketi iwe nyepesi. Kwa roketi halisi ungezipata kwa kuzidisha nguvu kwa urefu wa mkono wake, kisha kugawa kwa ugumu wa mwili kugeuka.

A na B ndiyo mambo yako. A inamwambia nahodha, yaani sehemu ya saketi inayoshika usukani, arekebishe kwa kadiri alivyo nje ya njia. B inamwambia arekebishe kwa kadiri anavyozidi kutoka. Tutaona kwamba A bila B haina maana, na hapa ndipo Hoelzer alipoonyesha akili: badala ya kubebesha kombora jairo (kifaa cha kuhisi mgeuko) nyingine ya kupima kasi ya kugeuka, aliipata kasi hiyo kutoka kwenye ishara ya pembe yenyewe, kwa rizista na kapasita.

Hatua ya 3: Nyuzi ziwe volti

Nyuzi 1 ni volti 1. Nyuzi 1 kwa sekunde ni volti 1. Sekunde ya roketi ni sekunde ya saa yako.

Kwa betri za volti 9 chipu itafika volti 7 na kitu hivi, kisha itakwama. Ikikwama, majibu yote baada ya hapo ni takataka, hata mshale ukionekana umetulia kwa heshima. Mashine kubwa za zamani zilikuwa na taa ya kuonya jambo hili. Wewe weka macho: ukiona zaidi ya 7, roketi hiyo hesabu imekwisha.

Hatua ya 4: Vifaa

Chipu ya TL074, ambayo ndani yake mna opampu (vikuza volti) nne. Rizista za megaohm 1, dazeni moja, za asilimia 1 kama zipo. Utaona ni aina moja tu: mbili kwa mfululizo zinakuwa megaohm 2, mbili sambamba zinakuwa nusu megaohm, na hesabu nzima inakaa kwenye mfuko mmoja. Rizista mbili za ohm 100. Kapasita mbili za mikrofaradi 1 za plastiki, pamoja na moja ya 0.47 na nyingine ya 1 za kutumia mwishoni, na mbili za 0.1 za seramiki kwa ajili ya umeme wa betri. Voliumu tatu za kiloohm 10. Swichi moja ya pande mbili, yaani inayofunga njia mbili kwa pamoja, na nyingine ya kawaida. Waya.

Kwenye kapasita usikubali mbadala. Ukienda dukani, Kariakoo au Luthuli, ukasema mikrofaradi 1, utapewa ile ya kopo yenye alama ya hasi ubavuni, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana. Ile inavuja, na tena haipendi volti zinazopinduka. Taka ya plastiki, ya mraba, isiyo na hasi wala chanya.

Hatua ya 5: Kuunga

Unganisha betri mbili kwa mfululizo. Pale zinapokutana ndipo ethi, yaani volti sifuri yetu. Chanya iliyobaki iende mguu wa 4, hasi iliyobaki mguu wa 11, na kila mmoja wa miguu hiyo uwe na kapasita ya 0.1 kwenda ethi, karibu na chipu. Miguu ya 3, 5, 10 na 12 yote iende ethi.

Opampu ya kwanza (miguu 1, 2, 3) ni intigreta, yaani inalimbikiza kinachoingia kadiri muda unavyokwenda. Kapasita ya mikrofaradi 1 kati ya mguu wa 1 na wa 2. Kwenye mguu wa 2 zinaingia njia tatu: pembe kupitia megaohm 2, upepo kupitia megaohm 2, na usukani kupitia nusu megaohm. Megaohm 2 ndiyo ile 0.5 ya mlinganyo, nusu megaohm ndiyo ile 2. Kinachotoka mguu wa 1 ni kasi ya pua, lakini ikiwa na alama ya kutoa, kwa sababu kila opampu hapa inapindua alama. Jambo hili liandike kwenye karatasi na uliweke mbele yako.

Opampu ya pili (5, 6, 7) ni intigreta pia: kapasita kati ya 6 na 7, megaohm 1 kutoka mguu wa 1 hadi wa 6. Alama imepinduka mara mbili, kwa hiyo mguu wa 7 ni pembe yenyewe. Hapo ndipo mita ya mshale inakaa. Waya kutoka hapo urudi kwenye njia ya pembe ya opampu ya kwanza.

Opampu ya nne (12, 13, 14) haifanyi kitu ila kupindua: megaohm 1 kutoka mguu wa 1 hadi wa 13, megaohm 1 kati ya 13 na 14. Mguu wa 14 ni kasi ya pua kwa alama yake halali.

Opampu ya tatu (8, 9, 10) ni nahodha. Megaohm 1 kati ya 8 na 9. Voliumu A: mguu mmoja wa pembeni kwenye 7, mwingine ethi, wa kati kupitia megaohm 1 kwenda 9. Voliumu B hivyo hivyo, ila inaanzia 14. Mguu wa 8 unatoa usukani wenye alama ya kutoa, na hiyo ndiyo tunayoitaka, kwa hiyo uende kwenye ile nusu megaohm ya opampu ya kwanza.

Voliumu ya tatu ni upepo: pembeni kwenye chanya ya betri, pembeni kwenye ethi, katikati kupitia swichi ya kawaida hadi njia ya upepo.

Iliyobaki ni swichi ya pande mbili. Kila upande wake ufunge kapasita moja ya intigreta kupitia ohm 100. Ikifungwa, kapasita ziko tupu na roketi iko kwenye mnara. Ikifunguliwa, imeruka.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kurusha

Mara ya kwanza nilipounga saketi hii niliona opampu ya nne ni anasa, nikachukua B moja kwa moja kutoka mguu wa 1. Roketi ilipepesuka, ikapepesuka zaidi, ikagonga volti 7 ndani ya sekunde chache. Nilibadilisha chipu. Nikabadilisha betri. Usiku ukaingia nikilaumu bredibodi, na kumbe nilikuwa nimempa nahodha B ya kinyume: kila pua ilipokimbia, yeye aliisukuma ikimbie zaidi. Tangu siku hiyo sirushi bila kufanya haya matatu.

Swichi ya mnara ikiwa imefungwa, miguu ya 1, 7, 8 na 14 yote isome sifuri, au milivolti chache tu. Upepo ukiwashwa, bado sifuri.

Pili, pima kila intigreta peke yake. Chomoa waya unaotoka mguu wa 1 kwenda megaohm 1 ya opampu ya pili, uweke volti 1 pale, kisha fungua swichi ya mnara huku ukiangalia saa. Mguu wa 7 ushuke volti 1 kila sekunde: sekunde 5, volti −5. Ukipata −4.6 au −5.4 kapasita yako si mikrofaradi 1 kamili, jambo la kawaida. Andika tofauti hiyo, usiifiche. Opampu ya kwanza ipime vivyo hivyo kwa kuweka volti 1 kwenye njia ya upepo, nyaya za pembe na usukani zikiwa zimechomolewa. Hiyo inakwenda nusu ya mwendo.

Tatu, alama. Chomoa waya wa voliumu A kutoka mguu wa 7, upe volti 1, A ikiwa imezungushwa mwisho. Mguu wa 8 usome −1. Ukisoma +1, tafuta kosa sasa.

Kuweka B kwenye 0.8: kabla ya kuiunga, ipe volti za betri juu na ethi chini, pima betri kwanza, kisha zungusha hadi mguu wa kati usome 0.8 ya ulichopima. Betri ikiwa na volti 9 kamili, hiyo ni 7.2.

Hatua ya 7: Rusha

Weka upepo kwenye volti 1.9 na uiwashe swichi yake kila mara roketi ikiwa bado mnarani, ili upepo uwepo tangu sekunde ya kwanza.

Rusha ya kwanza bila nahodha: chomoa waya wa mguu wa 8. Baada ya sekunde moja pua iko nusu nyuzi, baada ya mbili imepita nyuzi 2, na baada ya tatu na kidogo imegonga 7. Upepo haukuongezeka. Upepo ulianzisha tu, roketi ikajimalizia.

Rudisha waya, A mwisho (yaani 1), B sifuri. Mshale utapanda hadi 1.27 hivi, utarudi sifuri, utapanda tena, kila sekunde 5.1. Hesabu mibembeo kumi kwa saa ya simu, upate sekunde 51. Ukipata 49 au 53, ni zile kapasita zako. Roketi hii haianguki na haitulii, na katika maisha halisi mwili wake ungechoka kabla ya mafuta kwisha.

Sasa usiirudishe mnarani. Ikiwa bado inabembea, zungusha B taratibu. Utauona mbembeo unanyweka chini ya kidole chako. Ningeweza kukuchorea hapa, lakini kuna kitu mkono unakijua ambacho mchoro haukisemi: robo ya kwanza ya voliumu inafanya kazi kubwa kuliko robo ya mwisho.

Kisha irushe upya kwa A 1 na B 0.8. Mshale unapanda hadi 0.68 kwenye sekunde ya 3.4 hivi, unarudi kidogo, unatulia kwenye karibu 0.63. Wengi hushtuka hapa kwamba haukurudi sifuri. Mashine haijakosea. Upepo bado unavuma, na usukani lazima uendelee kuusukuma. Usukani wetu unatoka kwenye pembe, kwa hiyo lazima pembe fulani ibaki ili usukani ubaki.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote: punguza A hadi 0.5. Utadhani kosa litakuwa mara mbili. Litakuwa mara tatu, volti 1.9. Sehemu ya nguvu ya nahodha inaliwa na kazi ya kuizuia roketi isijiangushe yenyewe, na kinachobaki ndicho kinachopigana na upepo. Ukishuka hadi 0.25 hakibaki kitu, na mshale hautulii popote.

Hatua ya 8: Mcheleweshe nahodha

Hadi hapa nahodha anatii papo hapo. Wa kweli ana mota, vali na mafuta ya haidroliki, na vyote vinachelewa.

Weka kapasita ya 0.47 sambamba na ile megaohm 1 iliyo kati ya miguu ya 8 na 9. Umempa uchelewaji wa karibu nusu sekunde. A na B ni zilezile, ila roketi iliyokuwa imetulia ndani ya sekunde 5 sasa inabembea kwa sekunde kumi na zaidi kabla ya kutulia. Toa hiyo, weka ya mikrofaradi 1, yaani sekunde 1. Sasa kila mbembeo ni karibu mara moja na nusu ya uliotangulia. Mshale utagonga kizuio cha sifuri kwa sababu pua inavuka upande wa pili, basi hamia mita ya dijiti. Ndani ya nusu dakika hivi imekwama kwenye 7. Nahodha anasukuma kwa nguvu ileile na kwa hesabu ileile, ila anasukuma pua ya sekunde iliyopita.

Mpaka kati ya kutulia na kukwama uko kwenye sekunde 0.8 kwa karatasi. Kwenye bredibodi yako utakuwa hapo jirani, si hapo kamili. Ukiwa na kapasita mbalimbali, ziunge sambamba na uutafute, kisha jaribu kuiokoa roketi kwa voliumu mbili tu. Wengi huanza kwa kuongeza A, kwa sababu roketi inaonekana imelegea. Jaribu kuipunguza.

Ukipata oskiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye kioo), badilisha kapasita zote mbili za intigreta ziwe za 0.1, na ile ya uchelewaji igawe kwa kumi pia. Roketi itaishi mara kumi haraka, na kuyumba kwa sekunde 5 kutaonekana kwa nusu sekunde, mstari mmoja kwenye kioo. Namba za volti hazibadiliki hata moja.